Mpira wa Nne Niliomficha Mdakaji

Mnapopita hapa kwangu Mugoma na pikipiki zenu mnapunguza mwendo, mnasema shikamoo mzee, nami nasema marahaba, kisha mnaongeza moto mnaenda zenu. Sina neno. Lakini juzi mmoja wenu alisimama kuomba maji, akaona kitu chekundu kimening'inia kwenye boriti, akaniuliza kama ni boga lililokauka. Nikamwambia ni mpira. Ni mpira wa kriketi, na mimi nimewahi kuurusha kwa niaba ya nchi hii, Kampala na Nairobi na Dar es Salaam. Akanitazama miguu, akatazama nyumba, akasema haya mzee, akawasha pikipiki.

Kwa hiyo leo naandika. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Mwalimu wa hapa jirani amenirekebishia l na r zangu. Mengine yote ni yangu, msimlaumu yeye.

Kwanza mjue mchezo wenyewe, maana najua hamuujui. Vijiti vitatu vinasimikwa ardhini. Mbele yake anasimama mpigaji na ubao wake mkononi. Mimi nasimama upande wa pili, hatua zipatazo ishirini, narusha mpira nikitaka niviangushe vile vijiti au nimfanye yeye akosee. Nyuma ya vijiti anachuchumaa mdakaji mwenye glavu, anapokea kila kinachopita. Mpira ukimpita mdakaji ukafika mpakani, wapinzani wanapewa mbio nne za bure, na mbio ndizo pointi za mchezo huu. Shikeni hilo la mwisho, tutalirudia.

Wapo warushaji wa kasi, wanakuja wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki. Mimi sikuwa wa kasi. Nilikuwa wa kugeuza. Mpira wangu ulikwenda taratibu, lakini ukigusa chini unabadili njia, na mpigaji aliyeinua ubao huku anakuta mpira uko kule. Mtu anayepigwa na kasi anasema bahati mbaya. Anayepigwa na mimi alikuwa anarudi kivulini akiutazama ubao wake kana kwamba una tundu.

Mkono huu ulitengenezwa na kamba. Baba alikuwa msokota kamba za ng'ombe, na mimi tangu sijaota meno ya ukubwani nilikaa naye nasokota katani, kiwiko kimetulia, kifundo cha mkono kinazunguka, kidole cha pete kinasukuma. Kutwa nzima. Wenzangu wakichunga, mimi nasokota. Niliichukia kazi ile. Nilitoroka kwa miguu mpaka Biharamulo, nikapanda lori la mbao mpaka Mwanza, nikiamini nimeachana na kamba.

Mwanza nilipata kibarua cha kutunza kiwanja katika klabu moja ya Wahindi. Kukata majani, kuvuta gogo la chuma la kusawazishia, na kutandika jamvi. Siku zile viwanja vyetu vya kriketi havikuwa na nyasi pale katikati. Palitandikwa jamvi la nyuzi za minazi juu ya udongo ulioshindiliwa, likavutwa, likapigiliwa misumari mirefu pembeni. Likilegea, mpira unazama. Likikaza, mpira unaruka na kugeuka. Wachezaji wengi hawakulijua jamvi lile. Walilikuta limetandikwa, wakaliacha limetandikwa. Mimi nililitandika miaka mitatu kabla sijacheza juu yake. Kijana, kazi yoyote utakayofanya, anza na kile kinachokanyagwa. Utajua mambo ambayo bosi wako hayajui.

Pale barazani palikuwa na mzee mshona viatu, Kanji, aliyekuwa anashona pia mipira iliyofumuka. Siku moja mpira ulitoka nje ya mpaka ukaja miguuni kwangu. Niliurudisha tu, kwa mkono wa kusokota, bila kufikiri. Ukagonga chini mbele ya mchezaji aliyeufuata, ukamkwepa. Akauinamia upande mmoja, ukapita upande wa pili. Watu wakamcheka. Mzee Kanji hakucheka. Aliweka sindano chini akanitazama mkono, usoni hakunitazama hata kidogo.

"Nani amekufundisha?"

"Ng'ombe wa baba," nikamjibu.

Kuanzia siku ile akawa ananifundisha asubuhi kabla wenye klabu hawajaja. Hakuwa na maneno mengi. Alikata soli ya kiatu kikubwa, namba tisa, akailaza juu ya jamvi: gonga hapo. Nilipoizoea akaweka namba saba. Kisha namba nne. Mwisho akaweka soli ya mtoto mchanga. Nilitumia miezi kwenye soli ile. Kidole cha pete kilichubuka kikatoka damu. Akanipa maji ya chumvi nikiloweke kila jioni mpaka ngozi ikawa ngumu kama ya kisigino. Siku nilipoigonga soli ya mtoto mara sita mfululizo, Kanji alisema, "Kaoge. Jumapili unacheza."

Nilicheza, nikapigwa vibaya sana. Kila mpira nilitaka ugeuke kuliko uliopita, ili Wahindi wote waone. Kanji aliningoja barazani akaniuliza soli ya mtoto ilikuwa wapi leo. Jumapili iliyofuata niliitafuta ile soli kwa akili mahali isipokuwepo, nikawatoa wapigaji watano.

Nilipoitwa timu ya taifa mara ya kwanza, Kanji alinipa mpira alioushona mwenyewe, mshono umesimama vizuri chini ya kidole. Ndio huo wa kwenye boriti.

Hapa niruke mbele kidogo, maana nimekumbuka kilichoupata mpira huo nilipourudisha huku nyumbani wakati wa vijiji vya ujamaa. Katibu wa kijiji aliniona narusha peke yangu ukutani, akaja na daftari lake. Akaniuliza, "Ndugu, huo mpira ni wa kijiji au ni wa kwako?" Nikamwambia wa kwangu. Akasema hapa hakuna cha kwako, kuna chetu, na vijana wa kijiji hawana mpira. Nikampa. Sikubisha, nilitaka nione. Vijana wakajipanga uwanjani, watu ishirini na mbili, peku. Aliyeanza aliupiga teke kwa nguvu zake zote. Dole gumba lilivimba likawa kama gunzi. Jioni ile ile katibu aliurudisha mwenyewe, ameubeba kwa mikono miwili, akasema kamati imeamua kwamba ule ubaki mali ya mtu binafsi.

Turudi Mwanza. Katika timu nzima mimi nilikuwa peke yangu mweusi. Sisemi walinitesa, hawakunitesa. Wakati wa chakula walikaa meza moja wakiongea Kigujarati, wakicheka, na mimi nilikuwa nachukua sahani yangu nakwenda kukaa kando ya lile gogo la chuma. Hakuna aliyenituma huko. Hakuna aliyeniita nirudi. Kampala niliweka majivu mfukoni ya kukaushia mikono, kama baba alivyofanya kamba ikiteleza. Suruali nyeupe ikawa na doa kubwa la kijivu pajani. Mwamuzi akanisimamisha, akaniamuru nigeuze mfuko nje, majivu yakamwagika juu ya viatu vyake. Timu yangu ilicheka pamoja na ya Uganda. Nilicheka pia, lakini nilichelewa kidogo.

Aliyeniondolea upweke ni Karim, mdakaji wetu. Baba yake alikuwa na duka la vitenge. Siku ya pili tu alikuja na chapati zake pale kwenye gogo, akakaa chini, akaniuliza nyumbani tunaitaje mvua. Ndiye aliyenipa jina la Kamba, wakaniita hivyo wote. Vijana, mrushaji wa kugeuza na mdakaji wake ni watu wawili wenye siri moja. Mpigaji amekaa katikati yao hajui kitu. Karim alijua mpira wangu unakwenda wapi kabla haujatoka mkononi, kwa sababu nilimwambia. Nikijikuna sikio, ni huu. Nikifuta paji la uso, ni ule.

Mipira yangu ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulitoka kulia kwangu ukageukia kushoto, huo ndio chakula cha kila siku. Wa pili uliruka juu. Wa tatu ulikwenda moja kwa moja bila kugeuka, kwa ajili ya mpigaji aliyekwisha kuzoea kugeuziwa. Karim akasema tutafute wa nne, wa kinyume: mkono ule ule, mwendo ule ule, lakini uende kulia. Tuliutafuta mwaka mzima, kila asubuhi kabla hajafungua duka. Siri yake ni kukunja kifundo zaidi ya kawaida, mpira utokee nyuma ya kidole kidogo. Mara nyingi uliangukia juu ya miguu yangu mwenyewe. Siku ulipokubali, Karim aliudaka, akaushika muda mrefu, akasema tusimwonyeshe mtu mpaka tutoke tena nje ya nchi.

Hatukutoka pamoja tena. Nyumba ya ghorofa ya baba yake ilichukuliwa na serikali kama zilivyochukuliwa nyingine, na familia ikaamua kuondoka. Aliniaga dukani, kati ya makasha. Alinipa mkono kwa mtindo wa kwetu, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, niliyemfundisha ni mimi. Nilirudi kiwanjani nikatandika jamvi, na wakati wa chakula nikakaa kwenye gogo, nafasi ya mtu mmoja iko wazi.

Akaletwa mdakaji mpya, Firoz, kijana mwembamba wa Dar es Salaam, ana adabu. Wiki ile tunakwenda Nairobi alinifuata. "Kaka Kamba," akasema, "niambie mipira yako yote, nisije nikakuaibisha."

Nikamwambia ni mitatu.

Nimeifikiria sentensi ile miaka yote hii. Sikuwa na sababu nzuri. Niliona ule wa nne ni wangu na Karim, na huyu mtoto wa mjini amekuja juzi tu, kwa nini nimkabidhi. Nilitaka pia siku nitakapoutoa, washangae wote, wapinzani na wenzangu sawasawa. Ni majivuno, hakuna jina lingine. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu anaanza kuuona upweke wake kama mali.

Nairobi nilifika uwanjani mapema nikaanza kukagua misumari ya jamvi, kwa mazoea ya kazi. Mwenyeji mmoja, bwana mkubwa wa klabu, akaniona. Bila salamu akaniletea nyundo, akanionyesha upande uliolegea. Ningeweza kumwambia mimi ni nani. Nikachukua nyundo. Nikapigilia upande wote wa kwangu ukakaza kama ngoma, na ule wa pili, ambao warushaji wao wangeutumia, nikasema huo si kazi yangu. Saa mbili baadaye aliniona naingia na nguo nyeupe, mpira mkononi. Aliinua kofia yake akaishikilia hewani, hajui aivae au aivue.

Niliwatoa wapigaji wanne siku ile. Kila aliyetoka nilimtazama yule bwana wa nyundo. Kichwa kilikuwa kimevimba.

Mwisho wa mchezo ukawa hivi. Wamebaki wapigaji wawili wa mwisho, wanahitaji mbio tatu washinde. Sisi tunahitaji kumtoa mmoja tu. Nahodha akanipa mpira. Mipira miwili ya kwanza mpigaji aliikosa kwa unywele. Ingetosha kurudia ule ule. Nikasema sasa ndiyo saa yake, nikakunja kifundo, nikatoa wa nne.

Ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuitupa. Mpigaji aliinua ubao kushoto, mpira ukaingia kulia, ukapita kati ya ubao na mguu, ukapita juu ya kijiti kwa upana wa kidole. Na Firoz alikuwa ameshakwenda upande wake wa kulia, kuudaka ule wa kila siku. Mpira ulimpita kushoto. Hakuna aliyekuwa nyuma yake. Niliusikia unagonga ubao wa mpakani.

Mbio nne. Tumeshindwa.

Chumbani nahodha hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Firoz, ulikuwa unatazama wapi?" Firoz alinitazama mara moja. Mimi nilikuwa nimeinama nafungua kamba za viatu. Akasema, "Nimekosea."

Kamba za viatu zile nilizifungua muda mrefu sana. Na Firoz hakuitwa tena timu ya taifa. Mimi niliitwa.

Lakini nilicheza mara mbili tu baada ya hapo, na nilicheza hovyo. Kisha ikaja habari kwamba huku nyumbani watu wanahamishiwa vijijini, na mama yangu ametolewa kwenye migomba yake kule bondeni, amepangiwa kiwanja kando ya barabara na hana wa kumjengea. Nikaomba ruhusa ya mwezi mmoja. Nikajenga nyumba hii mnayoiona. Ruhusa ikaisha, sikurudi. Watu walidhani ni kwa ajili ya mama. Mama alikuwa sababu nusu. Nusu nyingine nilikuwa naogopa kumkuta mtu atakayeniuliza habari za Nairobi.

Huku hakuna aliyeniuliza chochote. Hilo ndilo nililolitaka, na lilipokuja likanila. Nilikuwa nikisema nimecheza Nairobi, wanauliza namba ngapi, winga au beki. Nikieleza, wanasema basi wewe ulikuwa unawaokotea Wahindi mipira. Nikaacha kueleza. Nililima shamba la kijiji na wenzangu, na asubuhi nikipata nafasi narusha mpira wa Kanji kwenye ukuta wa ghala la mahindi, peke yangu, nikiitafuta soli ya mtoto.

Nilimwoa Sesilia wakati huo. Alikuwa Msubi wa Nyamahanga, kule Biharamulo, alikuja kumuuguza shangazi yake hapa kijijini. Ana darasa la nne, kwa hiyo alinizidi mara mbili, na hakuniacha nisahau.

Ndipo vikaja vita vya Kagera. Malori ya askari yakapita barabarani kutwa, na kijiji kikaletewa koplo wa kufundisha mgambo. Siku ya kurusha bomu la mkono tulipewa vipande vya mti vilivyochongwa. Katibu akamwambia koplo kwamba hapa tunaye mtaalamu, huyu amerusha Nairobi. Koplo akafurahi, akasimama pembeni ya shimo la shabaha na kikombe chake cha chai. Nikatoka hatua zangu, mkono umenyooka, nikatupa. Mkono ukafanya ulichozoea. Kile kipande kiligonga chini mbele ya shimo, kikageuka kushoto, kikampiga koplo ugokoni na chai ikamwagikia suruali.

Hakunitukana. Alifuta suruali, akasema, "Mzee, wewe bomu lako litarudi kwetu. Nenda jikoni."

Basi vita mimi nilivipigana na sufuria. Wenzangu walicheka mpaka machozi, kisha wakapanda lori wakaenda mbele. Wapo waliorudi. Wapo ambao hawakurudi, na kicheko chao cha siku ile ndicho cha mwisho nilichokisikia kutoka kwao. Kijiji kikabaki na wanawake, wazee, na mimi. Mechi zote zilikuwa zimesimama, hakuna aliyenihitaji popote. Nikirusha mpira ukutani mlio wake unasikika mpaka barabarani, jinsi palivyokuwa kimya.

Ukuta ule ulikuwa wa tofali za udongo, ukaanza kupata nyufa. Katibu akanionya kwamba nabomoa mali ya kijiji wakati nchi iko vitani, na jambo hilo lina jina baya. Sesilia akasema yeye atasimama mbele ya ukuta. Siku ya kwanza alisimama na ungo. Ungo ukatoboka. Siku ya pili alikuja amejifunga viganja kwa magome makavu ya mgomba, ameyasuka mara mbili, akachuchumaa nyuma ya mchi niliousimika kama kijiti. Hakuna aliyemfundisha kuchuchumaa. Alisema hivyo ndivyo anavyokaa mtu anayesubiri ndama atoke.

Sikumweleza kitu. Nilirusha tu, yeye alidaka au alikosa. Wiki ya tatu nikajaribu ule wa nne, ambao sikuwa nimeutoa tangu Nairobi. Ulimpita. Kesho yake nikautoa tena. Sesilia alisogea kushoto kwake kabla haujagusa chini, akaudaka kwa mikono miwili.

Nikamuuliza nani amemwambia.

"Mkono wako. Mipira mingine unanionyesha ubavu wa mkono. Huu, mgongo wa mkono wako unanitazama mimi."

Nilikaa chini palepale. Mimi na Karim tulidhani tumeficha kitu, na huyu mwanamke amekisoma kwa asubuhi mbili, na magome ya mgomba mikononi. Firoz angehitaji dakika kumi. Angehitaji neno moja tu kutoka kwangu.

Sesilia alifungua magome, akaja akakaa karibu, akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamweleza yote, tangu Karim mpaka kamba za viatu.

"Kwa hiyo yule kijana amebeba mzigo wako mpaka leo."

"Ni zamani," nikasema.

"Na yeye anajua kwamba ni zamani?"

Alipata karatasi kwa jirani. Nikaandika ukurasa mzima, habari za mama, za mavuno, za vita. Sesilia akaisoma, akaichana. Nikaandika ya pili, nikamsifu Firoz kwa mikono yake myepesi. Akaichana. Akaniambia niandike jambo lenyewe, mengine atayasoma gazetini. Ya tatu ilikuwa hivi: Firoz. Mipira yangu ilikuwa minne. Nilikuambia mitatu. Kosa la Nairobi ni langu. Kamba.

Niliituma kwa anwani ya duka la baba yake Dar es Salaam, sina hakika kama lipo. Miezi ikapita. Vita vikaisha, watu wakacheza ngoma barabarani, binti yetu Konsolata akazaliwa. Nilikuwa nimekata tamaa katibu aliponiletea bahasha kutoka posta ya Ngara, ina stempu za nchi ya baridi. Macho yangu yaligoma. Sesilia ndiye aliyenisomea, amesimama mlangoni kwa ajili ya mwanga, mtoto mgongoni.

Firoz alisema barua yangu ilimfuata mpaka huko alikohamia, hajambo, ana kazi ya kuuza dawa, hachezi tena. Kisha akaandika maneno haya, nayajua kwa moyo: "Kaka Kamba, mgongo wa mkono wako niliuona. Nilijua mpira unakuja kushoto kwangu. Lakini ulikuwa umeniambia ni mitatu, nikaliamini neno lako nikayaacha macho yangu. Kule chumbani nilikutazama ili useme. Ulikuwa unafungua viatu."

Chini yake aliandika salamu kwa mama yangu, ambaye hakuwahi kumwona.

Sesilia aliikunja barua akanipa. Alikwenda akaleta yale magome yake, akachuchumaa nyuma ya mchi. Nikarusha mpaka mkono ukafa ganzi. Tuliendelea hivyo miaka mingi, hata nywele zilipokuwa nyeupe, yeye akilalamika magoti, mimi kidole. Hakuwahi tena kuuacha ule wa nne upite.

Sasa hayupo, huu ni mwaka wa sita. Konsolata yuko Kahama, anapiga simu Jumapili. Mpira niliutundika kwenye boriti wiki ile tuliyomzika, kwa sababu nilijaribu kuurusha ukutani, ukagonga, ukarudi mpaka miguuni kwangu, na hakuna aliyesema chochote.

Atakayetaka kujifunza asimamishe pikipiki aje. Aje asubuhi umande ukishakauka, mpira uliolowa haugeuki. Sitamwuliza kabila wala darasa. Kabla hata hajakaa nitamwambia ni minne, na nitamwonyesha mgongo wa mkono.